Choo cha Keki

Hakuna mtunzi katika gazeti hili mwenye kumbukumbu kama yangu. Nilichokiandika nakikumbuka neno kwa neno, nukta kwa nukta, hata mniamshe usingizini. Wiki iliyopita tuliishia pale ambapo… pale ambapo… ngojeni nivae miwani.

Haya. Tuliishia kwenye makalio ya Fundi.

Kraaak!

Ndivyo kilivyolia kiti. Au tuseme, ndivyo kilivyolia kilichokuwa juu ya kiti. Fundi alikuwa anatafuta kiatu cha pili, akachoka, akaona aketi kidogo apumue. Na juu ya kiti hicho hicho mkewe alikuwa ameuweka mfano wa choo cha soko, wa boksi gumu, gundi na vifungo vya makoti. Wiki nzima Fundi alikuwa ameacha cherehani yake ili aujenge kwa mikono yake. Sasa alikuwa ameubomoa kwa kiungo kingine.

Mama Kipaza akatokea mlangoni na hereni moja sikioni. Jina hilo alipewa na watu wa sokoni, yeye akiwa diwani wao, kwa sababu katika ukumbi wa baraza la jiji ndiye pekee asiyehitaji kuwashiwa kipaza sauti.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ndogo. Na sauti ndogo ya Mama Kipaza ni jambo la kutisha. "Hebu inuka."

"Nikiinuka utakasirika."

"Inuka."

Fundi akainuka. Choo nacho kikainuka. Upande wa wanaume ulikuwa umenata kwenye suruali, na upande wa wanawake ulikuwa umebaki kitini, bapa kama bahasha.

"Baraza linakaa asubuhi hii hii."

"Najua, mke wangu."

"Bila mfano mezani hawajadili."

"Najua."

"Meya anao mnara wake wa saa. Una taa! Zinawaka na kuzima!"

"Najua, jamani. Nimekikalia choo, sijakalia masikio."

Msomaji mgeni usiyelijua baraza lile, nikupe habari zake upesi. Zamani kidogo waheshimiwa hao walipitisha daraja la waenda kwa miguu. Mfano wake ulipokuwa unashushwa garini, ngazi zikakatika, mtu akazitupa jalalani. Baraza likatazama kilichoko mezani, likakipenda, likakipitisha. Mkandarasi akajenga alichopewa. Mpaka leo daraja liko juu ya barabara kuu, lina vishikio, lina rangi, na hakuna binadamu aliyewahi kulipanda. Njiwa wanalisifu sana.

Utadhani walijifunza. Walijifunza kweli! Wakaweka sheria: mradi usio na mfano haujadiliwi, na kitakachojengwa ni kile kile kilichoko mezani, ili asije mtu baadaye na hadithi za ngazi.

Na leo mezani pangekuwa na mifano miwili inayogombea kiwanja kimoja, kile kilichobaki mbele ya lango la soko. Meya alikitaka kwa mnara wa saa. Mama Kipaza alikitaka kwa choo.

Unacheka choo? Muulize Bibi Nyanya. Amekaa langoni pale na meza yake ya nyanya tangu Mama Kipaza hajaolewa, na kuanzia anapopanga mafungu mpaka anapofunga turubai hagusi tone la maji, kwa sababu akigusa hana pa kuyapeleka. Ndivyo wanavyoishi wanawake wote wa soko lile. Juzi juzi jua likampiga, akaanguka katikati ya nyanya zake. Daktari akamwambia, "Mama, unywe maji." Bibi Nyanya akamtazama. "Ninywe, halafu?"

Mama Kipaza alikuwa ameushika mkono wake siku ile. Akaahidi. Bibi Nyanya akamjibu, "Sawa, mwanangu. Ukishindwa, usije kwenye meza yangu. Nitakuuzia zilizooza."

"Kuna nini? Nani kafa?"

Huyo ni Wifi, dada yake Fundi, akitokea jikoni na unga mpaka kwenye nyusi. Wifi anapika keki za watu katika nyumba ile, na hakuna anayelalamika ila suruali za Fundi kiunoni.

"Choo," alisema Fundi kwa huzuni. "Choo kimekufa."

Wifi hakucheka, kwa sababu aliona macho ya Mama Kipaza yalipoelekea. Yalikuwa yamempita begani, yakaingia jikoni, yakatua mezani. Pale mezani palikuwa na keki kubwa ya mstatili, nyeupe, imenyooka kila upande kama nyumba inayosubiri milango.

"Wifi, hapana."

"Wifi yangu."

"Hapana! Hiyo ni ya arusi!"

"Arusi si kesho?"

"Wifi, nimeipigia mayai mpaka mkono umekufa ganzi! Siitoi keki ya bibi arusi ikawe choo!"

"Nikuulize kitu kimoja tu. Hayo mayai uliyanunua wapi?"

"Sokoni."

"Ukabanwa?"

Wifi akaangalia dari. Akaikumbuka safari yake ya kurudi nyumbani na trei ya mayai kichwani, jinsi alivyotembea kwa hatua fupi fupi, na jinsi alivyokataa kusalimiana na mtu njiani.

"Leteni kisu," alisema.

Loo, kazi ikaanza! Kisu kikapita katikati, keki ikawa mabawa mawili yenye ujia. Biskuti zikawa paa. Krimu ikalainishwa ukutani kwa kadi ya simu iliyokwisha muda. Milango ya wanaume ikapakwa chokoleti, na ya wanawake Wifi akaipaka rangi ya bluu, rangi mpya ya keki aliyoinunua majuzi, bluu ya kuita watu kwa jina.

"Kaka, hicho kijiko usikilambe."

Kijiko kikalia bakulini.

"Kaka?"

Fundi alikuwa amegeukia dirishani, mabega yakimcheza.

"Toa ulimi," alisema dada yake.

Fundi akautoa. Wanawake wawili wakapiga yowe. Ulimi ulikuwa wa bluu tangu ncha mpaka shinani.

"Hiyo rangi haitoki!" Wifi alishika kichwa. "Jirani yetu alionja tangu juzi, mpaka leo anasalimia kwa mkono!"

"Hata kwa mswaki?"

"Hata kwa sabuni ya kufulia. Hutoka ikijisikia."

"Basi leo hufungui mdomo," Mama Kipaza alisema, akimvisha mumewe koti. "Unabeba, unaweka mezani, unanyamaza. Umesikia?"

"Mm," alisema Fundi.

* * *

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwenye roshani ya wananchi wanawake wa soko walikuwa wamebanana, Bibi Nyanya katikati yao. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa Mama Meya, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Mama Meya ndiye mwenye kampeni ya kuacha sukari jijini, na mabango yake yako kila kona. Katika kila bango anacheka mumewe, aliyeapa redioni kwamba tangu mwaka uanze ulimi wake haujakutana na kitu kitamu.

Huyo Meya sasa! Mtu wa maneno. Aliwahi kuzindua bomba la maji kwa hotuba ndefu mpaka maji yakakatika. Asubuhi ile alizungumza kuhusu mnara wake, akazungumza kuhusu saa, akazungumza kuhusu wakati kwa jumla, akazungumza mpaka wakati wenyewe ukachoka. Kisha akafika kwenye mfano wa pili. Akasimama. Pua yake ikacheza.

"Mheshimiwa Diwani. Hiki ni nini?"

"Choo cha soko, Mheshimiwa Meya. Huku wanaume, huku wanawake."

"Kimetengenezwa kwa kitu gani?"

Mama Kipaza hakupepesa jicho. "Plasta."

"Plasta?"

"Plasta ya kisasa."

"Mbona inanukia?"

"Ndio usasa wenyewe, Mheshimiwa. Ya zamani ilikuwa hainukii."

Meya akainama zaidi. Akavuta pumzi ndefu, macho yakajifumba yenyewe. Alipoyafumbua yalikuwa na unyevunyevu. Roshani nzima ikadhani ameguswa na shida za soko.

"Na nani… nani amekijenga?"

"Mhandisi wangu." Na kabla akili haijamzuia, kidole cha Mama Kipaza kilikuwa kimekwisha kumwelekea Fundi.

Fundi alikuwa mlangoni, anatafuta njia ya kutoka. Lakini mshona suti huvaa suti, na humo ukumbini hakuna aliyekuwa amependeza kama yeye. Waheshimiwa wakageuka, wakaona koti lile, wakaamini.

"Mhandisi, karibu," alisema Meya. "Tueleze mabomba yatapita wapi."

"Mm," alisema Fundi, midomo imebanwa.

"Anasema chini," Mama Kipaza akafafanua.

"Kwa nini haongei?"

"Wahandisi wakubwa hawaongei, Mheshimiwa. Wanaoongea sana ni wale wadogo."

Roshani ikacheka. Fundi, jasho likimtiririka, akafanya kitu pekee anachokijua duniani. Akachomoa tepu mfukoni, akaipima keki kifuani, akaipima kiunoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na mwili wa mteja. Ukumbi mzima ukaguna kwa heshima.

"Anajua huyu," alinong'ona Diwani Miwani, mzee wa safu ya mbele ambaye miwani yake hukaa kwenye paji la uso muda wote, labda anasomea huko.

Kengele ya mapumziko ikalia. Chai!

Mama Kipaza akamvuta mumewe kwa kiwiko. "Usibanduke hapa. Nzi asitue."

"Mm."

Akakimbilia ngazi za roshani. Lakini nyuma yake waheshimiwa walikuwa wamekwisha kumzunguka Fundi. Nani asiyemtaka mhandisi wa bure? Huyu ukuta wake una ufa, yule paa lake linavuja, mwingine anataka kujua kama anaweza kuongeza ghorofa. Wakamkumbatia mabegani, wakatoka naye uani wakimweleza nyufa, naye akitikisa kichwa kwa kila mmoja, masikini, mara ndiyo, mara hapana, kadiri shingo ilivyoangukia.

"Nendeni, nendeni," Meya aliwaambia wa mwisho. "Mimi nitabaki nipitie makabrasha."

Kule juu Bibi Nyanya alikuwa ameshika chupa ya maji waliyogawiwa wageni. Haikuwa imefunguliwa.

"Kunywa, Bibi. Hapa vyoo vipo, pale koridoni."

"Najua. Mwili ndio haujui." Akaigeuzageuza chupa. "Niambie, mwanangu. Kinapita?"

"Kinapita."

"Kile kinanukia vizuri kwa choo."

"Bibi, shusha sauti."

* * *

Waliporudi ukumbini, Mama Kipaza aliona mezani pamepungua kitu. Akatazama. Akatazama tena.

Upande wa wanawake haukuwepo!

Ukuta hakuna. Paa hakuna. Ile milango ya bluu, hata mmoja hakuna. Palibaki chembechembe kidogo, na upande wa wanaume umesimama peke yake kama mjane.

Akamgeukia mumewe. "Wewe!" alimnong'oneza, na mnong'ono wake ukasikika mpaka safu ya tatu.

"Mm-mm!" Fundi alitikisa kichwa kwa nguvu. Akamsogelea sikioni, akasema bila kufungua meno, "Nilikuwa uani. Nilikuwa naelezwa nyufa. Mke wangu, mimi nikiiba keki huanza na paa, hata dada anajua."

Hilo lilikuwa kweli. Biskuti za upande wa wanaume zilikuwa zimekamilika. Mama Kipaza akamwamini, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Lakini afanye nini? Apige kelele kwamba choo chake kimeliwa? Plasta hailiwi!

Wakati anahangaika hivyo, Diwani Miwani alisimama.

"Mheshimiwa Meya, naona mfano huu una choo cha wanaume tu."

Katibu wa baraza, mama mkavu anayepiga taipu kila kinachosemwa hata kikohozi, akanyoosha shingo. "Ni kweli. Na sheria inasema kijengwacho ni kilichoko mezani."

"Basi mimi naona ni jambo zuri sana!" Diwani Miwani aling'aa. "Choo cha wanaume kinachukua nusu ya kiwanja. Ile nusu nyingine tunasimamisha mnara. Hakuna aliyeshindwa, wote tumeshinda!"

Makofi! Waheshimiwa waliokuwa wamejiandaa kugombana mpaka jioni wakaona wanaweza kuwahi nyumbani. Mikono ikainuka upande huu, ikainuka upande ule, ikainuka mpaka ya waliokuwa wamesinzia.

"Na sisi?" Sauti ya Bibi Nyanya ilianguka kutoka juu. "Jamani! Na sisi?"

"Wananchi wasizungumze," alisema Katibu, lakini hakuwa na furaha alipolisema.

Mama Kipaza akashika ukingo wa meza. Hii ilikuwa mbaya kuliko kushindwa. Wangekijenga kweli! Watu waliojenga daraja la njiwa wangejenga choo cha wanaume katika soko la wanawake, wangekipaka rangi, wangekata utepe, na Bibi Nyanya angekaa mbele yake kila siku akiangalia saa kwenye mnara, ajue ni muda gani amebanwa.

Lilibaki jambo moja tu. Kwa utaratibu wao, uamuzi hauwi uamuzi mpaka Meya aseme kwa sauti: "Limepita."

Meya alikuwa kwenye kiti chake. Akamtazama Katibu, akainua kidole gumba.

"Sikukusikia, Mheshimiwa," alisema Katibu.

Meya akainua vidole gumba viwili.

Na hapo ndipo Mama Kipaza alipozinduka.

Tangu warudi kwenye chai, Meya hakuwa amesema neno! Hakuwakaribisha. Hakumshukuru Diwani Miwani. Hakusimulia kisa cha utoto wake. Mtu aliyehutubia bomba alikuwa anaongoza kikao kwa kengele na nyusi, midomo imebanwa kama pochi.

Midomo imebanwa.

Mama Kipaza akamtazama Meya. Akamtazama mumewe. Akamtazama Meya tena. Ilikuwa midomo ile ile!

"Utaratibu!" alinguruma, madirisha yakatetemeka. "Meya atamke kwa kinywa chake!"

"Ni haki yake kudai hivyo," alisema Katibu.

"Mmpita," alisema Meya puani.

"Hilo si tamko, hayo ni mafua!"

Jasho likaanza kumtoka Meya. Lakini likamtoka na Mama Kipaza pia, maana alikuwa amekwisha kuona shimo lilikokuwa. Ili amfunue Meya, lazima ajifunue mwenyewe. Atasema ile ni keki, na kumbe aliapa ni plasta. Kesho atakuwa diwani aliyeleta keki barazani, kama atakuwa diwani.

Akainua macho kwenye roshani. Bibi Nyanya bado alikuwa ameikumbatia ile chupa, imejaa hadi shingoni.

Akasimama.

"Waheshimiwa, nimewadanganya. Ile si plasta. Ni keki."

Lo! Ukumbi ulilipuka. Mmoja akasema aibu, mwingine akasema ya ladha gani.

"Na huyu si mhandisi. Ni mume wangu. Anashona suti."

"Mume wako?" Diwani wa safu ya nyuma aliruka kitini. "Amenikubalia nibomoe ukuta wa sebule! Nimeshapiga simu nyumbani, wameanza!"

"Pole, ndugu yangu, wahi uwazuie. Lakini nisikilizeni!" Na hapo akaifungulia sauti yote. "Kama ni keki, basi choo cha wanawake hakikupotea. Kimo humu humu. Kimo tumboni mwa mtu! Sasa nani alibaki peke yake humu wakati wa chai?"

Kila mtu akalitazama tumbo la jirani yake. Kisha, kichwa kimoja kimoja, vikageuka kuelekea kiti kikubwa cha mbele.

Meya alivumilia. Kwa kweli alijitahidi, tumpe haki yake. Alibana midomo mpaka mashavu yakajaa kama ya mpiga tarumbeta. Lakini mtu aliyeumbwa kusema hawezi kusingiziwa mbele za watu akanyamaza, hasa akisingiziwa kitu cha kweli.

"Uongo!" alilipuka. "Uongo mtupu! Mimi! Mimi niliyeapa redioni! Sijaonja hata chembe ya kitu kitamu tangu mwaka—"

Akauziba mdomo kwa mkono. Amechelewa. Safu ya mbele ilikuwa imekwisha kuona. Diwani Miwani aliishusha miwani yake machoni, mara ya kwanza tangu achaguliwe.

Juu kule roshani kiti kikasogezwa. Mama Meya alikuwa amesimama, mkoba umening'inia mkononi.

"Baba," alisema taratibu. "Toa ulimi."

"Mke wangu, si hapa…"

"Hapa hapa."

Meya akautoa kidogo, ncha tu, kama mtoto anayeonyesha dawa ameimeza. Ilitosha. Ulikuwa wa bluu, ile bluu ya kuita watu kwa jina.

Taipu ya Katibu ilinyamaza.

"Ni wino," alisema Meya.

"Wino?"

"Wino, mke wangu. Wa kalamu. Nilikuwa napitia makabrasha, na mimi nikifikiri sana hulamba ncha ya kalamu. Unanijua." Akaona inashika, akapata nguvu. "Ndiyo! Nimelamba kalamu nikilifikiria soko letu! Hilo ndilo kosa langu, kuwafikiria mno wananchi!"

"Hata mimi hulamba," alidakia Diwani Miwani.

Vichwa viwili vitatu vikaanza kuitikia. Wino. Mbona inawezekana? Mama Meya mwenyewe, aliyekwisha kufika kwenye ngazi, alisita, mguu mmoja juu, mmoja chini. Mama Kipaza akahisi ushindi unamponyoka kama sabuni.

Hapo kando ya meza mtu akakohoa.

Alikuwa Fundi. Akaweka sawa kola ya koti. Akasogea mbele hatua moja, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukumbi ule, akafungua kinywa.

"Mheshimiwa Meya, samahani. Hiyo kalamu yako ilikuwa na vanila? Maana yangu ilikuwa nayo."

Akautoa ulimi wake wote, akaubakiza nje ili kila mtu aone vizuri. Akautazama wa Meya kwa jicho la kazi, kama anayelinganisha mikono ya koti. Hapakuwa na ubishi. Ndimi mbili, jora moja.

Mama Meya akaanza kushuka ngazi. Ko. Ko. Ko. Nyuma yake Bibi Nyanya alikuwa ameifungua ile chupa, anakunywa maji taratibu, macho hayabanduki kwa Meya.

Katibu akapuliza vumbi kwenye taipu yake, akapanga karatasi, akanyanyua uso.

"Mheshimiwa," aliuliza kwa adabu, "niandike wino, au niandike keki?"